Ua Moja Kila Jumamosi

Kila Jumamosi saa saba mchana, wafanyakazi wa shamba la maua walipanga foleni mbele ya meza ya karani, na kila mmoja akapewa ua moja kutoka kwenye ndoo aliyoijaza mwenyewe. Lilikuwa ua lililokataliwa: bua limepinda, au petali zimechanika ukingoni, au limechanua kabla ya wakati. Aliyekutwa na la pili kwenye mkoba aliambiwa asirudi Jumatatu.

Kwa hiyo nyumba za mtaa ule zilipambwa kwa ua moja moja. Binti mmoja, mkataji wa banda namba nne, alimletea mama yake. Mama alikuwa na mkono wa maua. Alilikata bua mshazari kwa kisu cha jikoni, akapunguza majani ya chini yasije yakaozesha maji, akalitia kwenye chupa tupu ya dawa ya kikohozi, maana chupa hizo hazikukosekana nyumbani. Wiki hii aliliweka dirishani, wiki ijayo juu ya kabati la vyombo. Alisema ua moja hutazamwa, mengi hupitwa tu.

Binti alikuwa kitinda mimba, na aliitwa Chiriku kwa sababu tangu ajifunze kusema hakuwa amenyamaza. Siku hizi alisema nusu ya sentensi, akakohoa, kisha akaimalizia.

Ua la kwanza kukohoa lilikuwa la jirani yao, Mrefu, aliyefanya kazi banda hilohilo. Lilikohoa Jumapili mezani, wakati wa chakula, na mkewe akalisogeza mbali na sahani. Lilikohoa kama Mrefu hasa: mara mbili kwa kifupi, mara moja kwa kirefu, kisha likasafisha koo kama mtu anayetaka kuomba radhi. Jumanne liliangusha petali zote, na Jumanne hiyohiyo Mrefu alijilaza baada ya chai asiamke tena. Tangu hapo mtaa mzima ulielewa. Fundi cherehani wa nyumba ya pili alilileta ua la mumewe karibu na cherehani, apate kulisikiliza huku akishona.

"Shoga, nina wagonjwa wawili sasa," alimwambia mama yake Chiriku, "na mmoja hata uji hanywi."

Ua la Chiriku lilianza kukohoa Jumatatu. Mama alilibadilishia maji asubuhi na jioni, akatia chembe za sukari. Alilipaka bua dawa ya kuchua kifua, akalifunika kwa kitambaa chake cha kichwa.

"Mama jamani, anayekohoa ni mimi, unayemfunika ni ua!"

"Wewe nikikufunika unajifunua. Lenzio limetulia, halina maneno."

Jioni ile Chiriku alisimulia kisa kizima cha karani aliyekimbizwa na nyuki, bila kukohoa hata mara moja. Mama alikisikiliza mpaka mwisho, ingawa alikuwa amekwisha kukisikia mara tatu.

Lakini ua lililokatwa, hata litunzwe vipi, halifiki wiki mbili. Mama alilijua hilo. Jumatano alilifunga kwa karatasi, akaenda nalo ofisini kwa msimamizi wa shamba.

Msimamizi alisimama alipomwona, akampangusia kiti kwa mkono wake mwenyewe. Alilisogeza ua sikioni.

"Naam," akasema. "Hili la banda namba nne."

"Baba, dawa ya wadudu inapulizwa saa nne, na watoto wamo ndani. Naomba wawe wanatoka kwanza. Hata nusu saa."

"Mama yangu, dawa ni ya saa nne, lori ni la saa sita. Wakitoka, nani atakata?"

"Basi nitolee wangu tu."

"Nikimtoa wako, mama wa mwenziwe nitamwambia nini?"

Alisema hivyo kwa masikitiko, na masikitiko yake yalikuwa ya kweli. Alimweleza kwamba wanunuzi nao wamelalamika. Kuna hoteli ambamo maua yalikohoa mbele ya wageni. Hivyo kuanzia Jumatatu ingewekwa meza ya kusikilizia. Wanawake wawili wenye masikio mazuri wangeliweka kila ua sikioni, na lenye kikohozi lisingefungashwa. Alimshukuru mama kwa kuja, akamsindikiza mpaka mlangoni.

Meza iliwekwa Jumatatu, kama alivyoahidi. Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi, mama alikuwa anafagia aliposikia petali zikianguka kabatini. Zilianguka zote kwa mkupuo. Aliacha ufagio palepale, akaenda shambani kwa miguu, haraka kadiri magoti yalivyomruhusu.

"Limeanguka?" aliuliza bawabu.

"Lote. Nifungulie, nimtoe."

Bawabu alivua kofia, akapiga simu ndani. Akasikiliza.

"Wameshaanza kupuliza, mama. Wanasema mlango wa banda haufunguliwi mpaka dawa itulie. Dakika arobaini."

Alimpa kiti chake na maji ya kunywa. Kivuli cha geti kilipohama, alikihamisha kiti pamoja na mama. Yeye mwenyewe alisimama dakika zote arobaini.

Chiriku alitolewa juu ya mkokoteni wa maua, ukisukumwa na wenzake wanne. Walikuwa wamevua makoti yao wakamtandikia, na mmoja alikuwa amemfunga vizuri kamba za viatu. Mama aliliona hilo, akamshika huyo mkono. Lori liliondoka saa sita.

Siku ya mazishi msimamizi alikuja na ua moja, la daraja la kwanza, bua lake limenyooka kama rula. Mama alilipokea, akashukuru. Siku ya tatu likakohoa. Hakikuwa kikohozi anachokijua. Kilikuwa kichanga, cha mtu ambaye bado hajajifunza kukificha.

Asubuhi yake alilichukua, akapita nyumba kwa nyumba akibisha hodi.

"Hebu sikiliza, mwenzangu. Si la wa kwako?"

Mlango wa kwanza walisikiliza, wakasema hapana. Wa pili na wa tatu vilevile. Katika nyumba ya saba alitoka mwanamke mwenye mikono ya povu la sabuni. Aliipangusa kwenye gauni, akainama, akalitegea sikio kwa muda mrefu.

"Ni wangu," akasema. "Ameanza kazi Jumatatu iliyopita. Banda namba nne."

Mama alimkabidhi ua kwa mikono miwili. Wakakaa nalo kizingitini mpaka lilipomaliza kukohoa.