Senene wa Zamu Juu ya Uwanja wa Ndege

Usiku wa kuamkia harusi ya dada yangu Kemilembe niliota nimesimama uani kwetu, Bukoba, mchana kweupe, narusha droni. Nilikuwa nimemwahidi picha za harusi kutoka juu. Kibali cha kuruka karibu na uwanja wa ndege sikuwa nacho. Nilijiambia droni ni ndogo na anga ni pana, nani ataona.

Droni inapanda mita mia na ishirini, kisha inajigonga, ko. Kumbe anga lina dari. Mbao zimepigiliwa vizuri, sijui na nani, na katikati kuna mlango.

Natamani sana kujua juu ya dari kuna nini. Naisukuma droni ipite. Inanigeukia na kuniambia kwa adabu kwamba kwa watu hakuingiwi bila hodi.

"Basi piga hodi," naiambia.

Anayefungua ni senene, wale panzi wetu wa kuliwa, ila huyu mkubwa kama mbuzi, amevaa miwani na kukumbatia faili. Sasa nami nipo hapo mlangoni, miguu inaning'inia, na wala sishangai. Alitaka kibali. Nikasema nilikusudia kukiomba. Akasema wao senene huruka kwa msimu wao, hawaruki ovyo, na bado tunawakaanga. Mimi sina msimu wala kibali, sasa wanifanyeje? Nilikumbuka sahani ya senene niliyoimaliza Novemba, nikaona aibu.

"Macho yako yako wapi?" akaniuliza.

Yalikuwa yamefungwa kwenye droni kwa kamba ya mgomba. Sheria ya droni inasema usiipoteze machoni, na huko juu hawafanyi mzaha na sheria. Lakini nilikuwa nikimtazama yeye, kwa hiyo kamba ilikuwa imelegea, na droni imepeperuka hadi juu ya barabara ya kurukia ndege.

Ndege inakuja kutoka upande wa ziwani. Dirishani yupo Mutashobya, bwana harusi, kapakata suti yake ndani ya mfuko. Droni iko mbele ya pua ya ndege. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nilimwona dada yangu kanisani, amekaa peke yake.

"Yule nani wako?" senene anauliza.

"Shemeji yangu."

"Shemeji anakuja kwenu, nawe umemsimamia njiani?"

Naivuta kamba kwa macho, bila kupepesa hata mara moja, mpaka machozi yananitoka. Droni inashuka, inaangukia migombani. Ndege inapita. Mutashobya ananipungia mkono.

Niliamka jua limeshapanda. Droni ilikuwa ndani ya begi lake, zipu imefungwa, nikashusha pumzi. Kisha simu ikaita mara moja, ujumbe. Mutashobya alikuwa ametua muda huo huo.

"Shemeji, tumefika salama," aliandika. "Ahsante kwa kutupisha. Pole na macho."