Presi ya Homa Bay

Kwa wiki sita, kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya bweni huko Awendo, Mwalimu Nchagwa alikuwa amewafundisha wasichana wake wa mpira wa kikapu jambo moja tu: kuponyoka presi. Wapinzani wakiwabana uwanja mzima, Milka asidundishe mpira kukimbilia kona. Ampe Terry katikati, naye Terry amrushie Liz anayekimbia pembeni, kabla wale wawili waliombana Milka hawajageuka.

Sasa, Julai 1996, walikuwa Homa Bay kwenye nusu fainali, na kila pasi ya katikati ilikuta mkono wa mpinzani umeshafika. Mara ya kwanza Nchagwa alisema ni bahati mbaya. Mara ya nne alimtazama Milka.

Mwaka uliotangulia Milka alikuwa akisoma katika shule hiyo hiyo waliyokuwa wakicheza nayo. Na jana yake jioni Nchagwa alimkuta nyuma ya jikoni na Achieng', kepteni wa wapinzani, wamechutama, wanacheka kwa Dholuo, Milka akichora mistari mchangani kwa kijiti. Alipowakaribia walinyamaza, na Milka akaifuta michoro kwa kiatu. Nchagwa, Mkuria asiyejua Dholuo zaidi ya salamu, aliondoka na shaka moyoni.

"Milka, toka."

"Nimefanya nini, Mwalimu?"

"Keti. Unajua."

Mokeira akaingia badala yake. Mipira ikaendelea kuporwa. Ameshawaambia kila kitu, Nchagwa akawaza.

Mapumziko yalifika wakiwa nyuma, ishirini na sita kwa kumi na moja. Alimwendea Milka mbele ya wenzake.

"Jana uliwachorea nini?"

"Njia ya kwetu. Mama amehamia Mbita, na Achieng' anataka kunitembelea likizo."

"Mbona ukafuta?"

"Ulitutazama kama wezi." Hakuinamisha macho. "Anayewaambia ni wewe, Mwalimu. Kabla mpira haujarushwa unanyoosha mkono pale katikati. Nimeona nikiwa hapa benchi. Kocha wao haangalii mpira, anakuangalia wewe, kisha anawaita wachezaji wake."

Nchagwa aliwageukia wengine. Terry alitazama chini, kisha akakubali kwa kichwa.

Bado hakuamini. Huenda msichana alikuwa akijiokoa. Aliamua kumpima.

"Rudi uwanjani. Nikionyesha katikati, mpe Liz moja kwa moja."

Akanyoosha mkono. Kocha wa upande wa pili akapaza sauti, wasichana wake wawili wakamrukia Terry, na Liz akaenda peke yake hadi kikapuni. Mara ya pili ikawa hivyo hivyo. Mara ya tatu aliuacha mkono chini, pasi ya katikati ikapita bila kuporwa, na Nchagwa akaona aibu ikimpanda mpaka masikioni.

Walishindwa kwa pointi moja.

Wasichana walipokuwa wakivua viatu, Nchagwa alisimama mbele yao. "Nilimshuku Milka bure. Kosa lilikuwa langu. Nisamehe, Milka."

"Sawa, Mwalimu," Milka alijibu, akaendelea kufungua kamba za viatu bila kumtazama.