Kiti cha Alma

Alma Tveit hakuwa ameinuka kitini tangu saa tatu asubuhi, na sasa ilikuwa saa nane mchana. Joto la Chicago lilikuwa limeujaza ukumbi. Wajumbe walijipepea kwa magazeti na kofia, na jukwaani katibu wa chama aliita majimbo moja baada ya jingine, nayo yakataja kura zake: kadhaa kwa Gavana, kadhaa kwa Seneta. Mmoja wa hao wawili angetoka hapo akiwa mgombea urais.

"Missouri!"

"Hata kuku anayeatamia huinuka akanywa maji," alisema Clement Rudd, kiongozi wa wajumbe wa Dakota Kaskazini, akimwinamia na sigara yake nene. "Nenda ukanyooshe miguu, mama. Wakifika kwetu utakuwa umesharudi."

"Miguu yangu imenyooka, Bwana Rudd. Angalia ya kwako."

Wajumbe wawili wakacheka. Rudd hakucheka. Alikuwa amemwahidi Gavana kura zote kumi na nne za jimbo, lakini alizokuwa nazo zilikuwa kumi na tatu. Ya mwisho ilikuwa ya Alma, na Alma aliwaapia wakulima wa kwao Halvorsby, ndani ya ghala la ngano, kwamba ataipeleka kwa Seneta hata wakimchuna ngozi.

Kanuni ilikuwa fupi: mjumbe asipokuwepo kitini jimbo lake linapoitwa, mjumbe wake wa akiba hupiga kura kwa niaba yake. Wa Alma alikuwa Lorna Skaar, mtu wa Rudd, ambaye alikaa nyuma yake karibu kiasi kwamba pumzi yake ilimgusa Alma shingoni.

"Nebraska!"

Mlinzi wa mlango akapenya katikati ya viti, akamkabidhi Alma kikaratasi. *Mumeo ameanguka. Ni moyo. Piga simu nyumbani upesi.*

Simu zilikuwa nje, kwenye ujia. Alma aliinuka nusu. Nyuma yake akasikia mkoba ukifungwa: tap. Lorna alikuwa tayari amesimama.

Alma akaganda. Ugonjwa wa moyo wa mumewe Osvald waliujua watu watatu tu: yeye, Osvald mwenyewe, na daktari wa Halvorsby. Daktari ambaye kila Alhamisi hucheza karata na Rudd.

Akamtazama Rudd. Rudd alikuwa akiichunguza ncha ya sigara yake.

Lakini je, kama ni kweli?

"Nenda, dada," Lorna alinong'ona. "Mume ni mmoja. Kura zipo kila miaka minne."

"New Mexico!... New York!"

Kama ameshakufa, nitamkuta amekufa, Alma aliwaza. Kama yu hai, hatanisamehe nikiinuka. Akaketi. Akaishika mikono ya kiti kwa nguvu zake zote.

"Karolina Kaskazini!... Dakota Kaskazini!"

Rudd akakishika kipaza sauti. Alijua kwamba akidanganya, Alma angedai wajumbe wahesabiwe mmoja mmoja, nchi nzima ikisikiliza redioni.

"Kumi na tatu kwa Gavana," alisema. Kisha, kama mtu anayetema mfupa: "Moja kwa Seneta."

Alma alishatoka mbio. Huko ujiani alikosea namba mara mbili kabla simu haijapokelewa.

"Osvald! Moyo wako?"

"Moyo gani? Mimi mzima, nimekula hata maharage ya jana. Tumesikia redioni, Alma! Kura moja! Nikasema huyo ni mke wangu, hakuna mwingine."

Alma akaegemea ukuta, akacheka huku akilia. Kisha kicheko kikamkatika.

"Tumesikia? Wewe na nani?"

Osvald akashusha sauti. "Kuna mabwana wawili hapa sebuleni. Wamekuja tangu asubuhi, wakasema wanataka tusikilize pamoja. Nimewapa kahawa, hawajaigusa. Jimbo letu lilipomalizika, mmoja akainuka akazima redio. Hajasema neno, ila kuuliza treni yako inafika lini."

"Usiwaambie, Osvald. Unanisikia? Usiwaambie!"

"Nimeshawaambia, mke wangu. Nilidhani ni watu wa chama. Wamesema nisijisumbue kuja stesheni. Watakupokea wao."