Waliokalia Starta

Saa moja na robo asubuhi, gari la wagonjwa la zahanati lilikataa kuwaka. Dereva alizungusha ufunguo mara nne. Likajibu ta-ta-ta, kisha kimya. Ndani kulinuka kinyesi cha kuku, na manyoya yalikuwa yamegandia godoro la mgonjwa, maana kila siku gari hilo lilipeleka pumba kwenye banda la mkuu wa zahanati na kurudi na mayai.

Fundi akaitwa. Gari likigoma, sababu ni zilezile: betri, starta, mafuta. Akafungua boneti, spana mkononi.

Bibi kizee, kimo cha birika, alikuwa juu ya betri, ameng'oa waya. Seremala alikuwa amekalia starta. Mwalimu mstaafu alikuwa ameukunja mpira wa mafuta kwa mikono miwili. Wote watatu walikufa mwaka huo wakilisubiri gari hili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Usinichome na hiyo spana."

"Mnaweza kusogea kidogo?"

"Linakwenda wapi?" seremala aliuliza.

"Kupeleka pumba."

Seremala akatema mate kwenye rejeta. "Basi bado bovu."

Dereva akainama. "Jamani, leo kuna mgonjwa. Dada yangu, yule mshona nguo. Tumbo. Inatakiwa apasuliwe kabla ya saa sita."

Dada alipolazwa juu ya manyoya, bibi alirudisha waya, wenzake wakasogea. Gari likawaka mara moja.

Mkuu alikuwa dirishani mwa ofisi yake, akichokonoa meno kwa kifuniko cha sindano. Akakirudisha kifuniko kwenye trei, akashuka.

"Kumbe dawa yake ni mgonjwa," alisema. "Pakieni pumba. Tunapitia bandani mara moja."

"Mkuu, dada yangu..."

"Kwani kasema ana haraka? Muulize."

Dada alikuwa ameuma shuka, hakuweza kujibu.

"Umeona? Mwenyewe katulia."

Magunia sita yakapakiwa, mawili juu ya miguu yake. Waliokuwa chini ya boneti hawakuwa na dirisha la kuonea gari linakoelekea. Bandani, mkuu alichagua mayai mojamoja, akilitikisa kila moja sikioni, na yaliyooza akayapanga pembeni kwa ajili ya wodi. Dada alifikishwa hospitali kubwa saa nane, mwili umeshapoa.

Wiki iliyofuata gari liligoma tena. Fundi akafungua boneti. Dada alikuwa amejibana kati ya rejeta na betri, amezishika waya za plagi, amezipanga kwa urefu kama nyuzi.

"Dada," dereva alisema, "niachie."

"Nyuma kuna nani?"

"Mshona viatu. Kifua."

"Na pumba?"

Dereva alitazama viatu vyake. "Zipo."

Dada alizitazama waya mikononi mwake.

"Nikishika, huyo hafiki kabisa," alisema. "Nikiachia, huenda akafika." Akazirudisha waya, moja baada ya nyingine, kila moja mahali pake.

Gari likawaka. Mkuu alikuwa tayari kiti cha mbele, trei za mayai mapajani. Akatoa kichwa nje.

"Fundi, humo mbele panaanza kujaa. Tafuta boneti ya lori."

Fundi akatoa futi, akapima.