Mkono wa Kulia wa Kinyanjui

Kila jina la Wakhungu lilipotajwa, panga la Nduta lilishuka kwenye kigogo kwa nguvu zaidi kuliko mfupa ulivyohitaji. Wateja wa bucha yake pale Kitengela walilijua hilo, na bado walilitaja. Binadamu hana adabu ya kumwacha mjane apumue, hasa akiwa na nyama mbele yake na rafiki wa kubishana naye.

Wiki ile ubishi ulikuwa mmoja tu. Kajiado kulikuwa na ukumbi mpya wa michezo, na ukutani pameachwa nafasi ya picha za wale ambao kamati ingewaita mabingwa wa daima. Jumamosi watu wangekutana huko waseme kama Wakhungu, bondia wa uzani wa juu aliyetawala ulingo zamani hadi watoto wakapewa jina lake, alistahili kutundikwa hapo.

"Huyo ni mkubwa kuliko wote, na sio hapa kwetu tu," alisema Gitonga, mwalimu mstaafu ambaye hakupenda kushindwa hata na redio. "Nani mwingine wa uzani huo ameangusha Waganda, Wazambia, Wanigeria, mmoja baada ya mwingine?"

"Aliangusha wale aliletewa," alijibu Githinji, muuza vyuma. "Bingwa wa ukweli anatafuta mtu anaweza kumpiga. Huyu alikuwa anatafutiwa mtu wa kupiga. Hata ile fainali yake na..."

Panga la Nduta lilikuwa limesimama hewani.

Jina alilolimeza Githinji lilikuwa Kinyanjui, marehemu mumewe Nduta. Kinyanjui ndiye aliyepigana na Wakhungu katika fainali iliyomfanya Wakhungu kuwa Wakhungu. Alikuwa na mkono wa kulia ulioogopwa nchi nzima, na siku ile mkono huo ulikaa kando ya shavu lake kama mgeni aliyekataa chai. Raundi ya tatu akaanguka. Tangu hapo watu wakanong'ona kwamba aliliuza pigano, na mnong'ono huo ulimfuata hadi kaburini, kisha ukarudi kukaa na mjane wake.

Nduta alikuwa na lake la kuamini. Aliamini kwamba bendeji alizofungwa Wakhungu mikononi kabla ya kuvaa glovu zilitiwa kitu kigumu, jasi au saruji, na kwamba mumewe aliogopa kusogea karibu baada ya kuonja ngumi ya kwanza. Ushahidi hakuwa nao. Alikuwa na shaka, na shaka aliyoilea muda mrefu hivyo ilikuwa imeshaota meno. Naisula, binti aliyetumwa na ile kamati, alipokuja kumwomba azungumze Jumamosi kama mmoja wa walioliona pigano lile, Nduta alikubali kabla hajamaliza kuulizwa. Angewaambia habari ya bendeji. Jina la mumewe lingeoshwa hadharani, na la Wakhungu lichafuke kwa maji yayo hayo.

Ni haki kusema kwamba mama huyu hakumwamini yeyote. Adow, mfanyabiashara aliyemletea mbuzi kutoka soko la Kajiado, alikuwa rafiki wa nyumba hiyo tangu Kinyanjui akiwa hai, lakini hakuna mbuzi wake aliyeingia uani kabla Nduta hajampitishia kiganja kando ya jicho moja, kisha la pili, bila kumgusa. Mbuzi mwenye ormilo, ule ugonjwa wa kizunguzungu, huweza kupofuka jicho kabla hajaanza kuzungukazunguka, na mchuuzi mjanja humuuza siku hizo hizo. Asiyepepesa alirudishwa sokoni.

"Mama Mugure, siku moja hata mimi utanipitishia mkono," Adow alizoea kumwambia.

"Wewe nilikupitishia zamani. Ndiyo maana bado unaniuzia."

Alhamisi mchana, wateja wakiwa wametawanyika, Wakhungu mwenyewe aliinama akaingia mlangoni. Uzee ulikuwa umempunguza lakini haukummaliza. Mabega yalibaki yale yale, yakiwa yamevishwa koti la Jumapili. Mkononi alibeba mfuko wenye sukari na majani ya chai.

"Shemeji, habari ya siku mingi."

"Nzuri. Umepotea njia?"

"Sijapotea. Nimekuja kukuona."

Nduta akaelewa kila kitu, au akadhani ameelewa. Amesikia habari za Jumamosi, na kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, ameujaza sukari. Aliupokea mfuko na kuuweka juu ya mizani, asiutazame tena. Hata hivyo, mtu hafiki kwenye bucha ya watu saa ya chakula akaondoka na njaa, awe adui au nani. Alimkatia mbavu zilizokuwa jikoni, akamwekea kwenye ubao, na chumvi na kachumbari akaziweka pembeni, kushoto kwa mgeni.

Mgeni akala. Akala mbavu ya kwanza kavu kavu, na ya pili. Hata chumvi yangu haitaki, Nduta alifikiri, na kifua kikamjaa hasira, kwa maana mtu anayekwepa chumvi yako ana jambo. Akanyoosha mkono kumsogezea kibakuli. Kilipofika mbele ya pua yake ndipo Wakhungu akashtuka, kana kwamba chumvi ile imezaliwa pale pale.

"Kumbe kuna chumvi. Asante."

Nduta alizunguka meza akijifanya kufuta, akasimama kushoto kwa yule mtu mkubwa, na akafanya alichofanya kila asubuhi. Akapitisha kiganja kando ya jicho lake. Wakhungu aliendelea kutafuna. Akapitisha tena, karibu zaidi, na ukope haukucheza.

"Hilo jicho lilikufa lini?" aliuliza.

Mbavu ikarudi kwenye ubao. Wakhungu alijifuta vidole kimoja kimoja, na ilionekana wazi kwamba alikuwa akitafuta uongo wa kutosha na hakuupata.

"Nilidungwa na mti nikichunga ng'ombe. Nilikuwa mtoto."

"Kabla ya ndondi?"

"Kabla ya kila kitu."

"Na madaktari?"

"Daktari anasema funika jicho moja, nafunika hili. Anasema funika hilo lingine, nabadilisha mkono lakini nafunika hili hili. Laini ni ndefu, nani atajua? Ni mtu mmoja tu alijua. Kinyanjui alikuwa nyuma yangu kwa laini. Tulikuwa kambi moja, tunalala chumba kimoja. Jioni akaniambia, 'Daktari wako hajui kuhesabu macho.' Akacheka. Hakusema tena."

Nduta akatafuta kiti, akaketi. Alitaka kusema jambo la bendeji lakini lilikuwa limekwisha kuwa dogo mdomoni.

"Siku ya fainali," Wakhungu akaendelea, akiitazama meza, "nilikuwa nangojea ule mkono wake wa kulia. Ungekuja kwa upande wa giza. Singeuona. Kila raundi niliungojea, shemeji. Haukuja."

"Na wewe ukampiga."

"Raundi ya kwanza sikuelewa. Ya pili nikashuku. Ya tatu nilikuwa nimejua, na nikampiga."

Nje lori la kokoto lilipita, vioo vikatetemeka. Nduta alimtazama kwa muda yule mtu aliyemchukia nusu ya maisha yake, akahisi chuki ikiyumba bila kuanguka.

"Umekuja kuniambia haya, ama umekuja ninyamaze?"

"Nimesikia utasema juu ya bendeji. Bendeji zilikuwa safi. Ukinishuku, nishuku kwa kitu nilifanya."

"Na kama nisingeona jicho, ungeniambia hicho kitu?"

Wakhungu alifungua mdomo, akaufunga. Kwa jibu hilo Nduta alimwamini zaidi kuliko kwa maneno yake yote.

Alipoondoka, Nduta alibaki na mbavu zilizopoa na shaka isiyo na pa kukaa. Ilikuwa imetolewa kwa Wakhungu, na shaka haina subira. Ilizunguka bucha nzima, kisha ikatua kwa marehemu. Alikumbuka jinsi alivyomuuliza mumewe, si mara moja tu, mkono wake ulikuwa wapi siku ile. "Ulichoka," Kinyanjui alimjibu, na akarudi kwenye mbao zake, maana baada ya ndondi alikuwa fundi seremala. Alivumilia kuitwa muuza pigano sokoni, kanisani, hata kwenye harusi ya binti yao Mugure. Alimsikia mkewe akimlaani Wakhungu na bendeji zake miaka nenda miaka rudi, na hakusema hata mara moja kwamba, mke wangu, unamwonea. Kwa nini? Nduta alilijua jibu na lilimuuma. Kinyanjui aliujua ulimi wa mkewe. Siri hiyo ingefika mpakani Namanga kabla ya jua kuzama. Basi alichagua kutunza jicho la mtu mwingine, na mkewe akamwacha na kinyongo chake. Ilimuuma pia kwamba hangeweza kusema ilikuwa huruma, au urafiki, au kiburi cha mtu asiyetaka kushinda hivyo. Huenda hata mkono ulichoka kweli.

Jumamosi Adow alimpeleka Kajiado kwa pikapu yake ya mbuzi. Ukumbi ulijaa. Gitonga alizungumza kama anayesahihisha mitihani. Githinji akampinga, akapigiwa makofi. Wakhungu aliketi mbele na koti lake lile lile. Naisula akaita jina la Nduta na kumpa kipaza sauti, na Githinji akasogea ukingoni mwa kiti, akijua mjane ana kisu.

"Watu wengi wamenisikia nikisema juu ya bendeji za huyu," Nduta alianza. "Zilikuwa safi. Nilikosea."

Minong'ono ikapita. Alingoja itulie.

"Lakini mkono wa kulia wa bwanangu haukutoka siku ile, na hakuuza kitu. Sababu anaijua bingwa. Mimi sitaisema, kwa sababu Kinyanjui hakuisema."

Akamrudishia Naisula kipaza sauti na kuketi kando ya Adow. Ukumbi wote ukamgeukia Wakhungu. Akainuka, akaomba kipaza sauti, na akasema. Alisema habari ya mti, ya foleni ya daktari, ya raundi zote tatu. Hakujipendelea. Alipomaliza, alibaki amesimama, kama anayengoja refa ahesabu.

Ukumbi ukalipuka. Jicho moja, walisema, na bado aliwaangusha Waganda na Wazambia. Kama huyo si mkubwa wa daima, basi ukubwa ni nini? Gitonga alikuwa amepanda juu ya kiti. Wengine wakasema ni mlaghai, alidanganya madaktari, na ushindi wa kuachiwa si ushindi. Githinji alikuwa akipiga ngumi kiganjani. Naisula aliomba utulivu na hakuna aliyempa. Walibishana juu ya jicho, juu ya madaktari, juu ya mapigano yote yaliyofuata, kwa furaha kubwa kuliko ile waliyokuja nayo.

Nduta aliwasikiliza. Aliwatazama usoni mmoja mmoja, akingoja mtu alitaje jina la Kinyanjui. Alikuwa ameshuku kwamba hawatalitaja, na kwa mara ya kwanza maishani alitamani shaka yake imwaibishe. Hawakulitaja. Kule mbele Wakhungu aligeuza kichwa chote, polepole, akimtafuta kwenye umati, na alipompata akainamisha macho.

Adow ndiye aliyemwegemea sikioni, akapaza sauti kidogo ili asikike.

"Mama Mugure, na mzee wetu je? Yeye ungemweka wapi?"

Nduta aliutazama ukuta ule mweupe, na nafasi iliyoachwa.

"Nyumbani," alisema. "Kuna kitu nataka kumuuliza."