Pua ya Mtoboa Kaharabu

Sokoni wananiita Mzee Pua, na si kwa ukubwa wake, ingawa hapo pia Mungu hakunipunja. Ni kwamba kaharabu huitoboi kwa macho. Ile si jiwe, ni utomvu wa miti uliokauka tangu enzi, na ikipata joto kidogo tu inalainika, inang'ang'ania keke ya mashine ya kutobolea, kisha inapasuka. Kwa hiyo unatoboa polepole, unadondoshea maji, unachomoa keke kila mara kutoa unga. Unaanzia upande mmoja hadi katikati, kisha unageuza. Joto likizidi, harufu tamu inapanda kabla jicho halijaona lolote. Hapo unaacha. Kwa miaka thelathini na moja sikuwahi kupasua hata kipande kimoja.

Marehemu mke wangu alininunulia barakoa. "Huo unga unaingia kifuani mwako, siyo kwenye shati," alikuwa akisema. Nami nikamjibu kwamba mtoboaji aliyeziba pua ni sawa na dereva aliyefumba macho. Nilijiona mjanja kweli. Barakoa zilikaa kwenye droo hadi mipira yake ikaoza.

Mwaka jana, wiki chache baada ya kumzika, maziwa yaliungua jikoni nami nimesimama hapohapo. Moshi niliuona, harufu sikuisikia. Daktari alisema ni ule unga wa miaka yote, na kwamba pua yangu haitarudi kunusa. Sikumwambia mtu. Nikawa natoboa shanga za mbao tu, wateja nawaambia kaharabu imeadimika.

Jumamosi akaja binti yangu, mtoto wetu wa pekee. Jumatatu alikuwa anasafiri kumfuata mumewe, mbali, na kurudi kwake hakukuwa na tarehe. Alifungua kiganja. Ndani yake kilikuwamo kipande cha kaharabu cha mama yake, rangi ya asali, alichokuwa akikishika hospitalini mpaka siku ya mwisho. Mama yake hakumwachia kitu kingine.

"Nitobolee, baba. Nataka niondoke nacho shingoni."

"Mpelekee yule fundi wa pale kona."

"Yule? Si wewe unayesema anatoboa kama anachimba kisima?"

Ni kweli, nilisema. Mdomo wangu huu. Ningeweza kumwambia hapohapo, maneno mawili tu, lakini nikavaa miwani, nikawasha mashine.

Upande wa kwanza ulikwenda vizuri. Kwa kuwa pua haikuwepo, nilihesabu: hadi kumi, nachomoa keke, natia maji, naanza tena. Nikageuza. Binti yangu alikuwa jikoni, anaosha vikombe na kunisimulia jinsi mama yake alivyomfukuza kwa ufagio mchumba wa kwanza aliyekuja kumposa yeye. Nikacheka. Nikasahau nilikuwa nimefika ngapi.

"Baba," akaita kutoka jikoni, kwa furaha kabisa, "huko kwako kunanukia vizuri jamani. Mpaka huku nasikia."

Niliinua mkono. Nilikuwa nimechelewa. Ulisikika mlio mdogo tu, na kipande kikalala mezani vipande vitatu.

Alikuja akiwa bado anafuta mikono. Akatazama meza, akanitazama mimi.

"Hukusikia harufu?"

"Sisikii harufu yoyote, mama. Tangu mwaka jana."

"Na ukaniacha nikupe hiki?"

"Niliona aibu."

"Aibu kwangu mimi?"

Nilitamani anigombeze, avunje kitu, anitukane hata. Sikuwahi kujichukia kama siku ile. Yeye alivikusanya vile vipande kimoja kimoja, akavifunga kwenye leso. Kisha akachomoa waya wa mashine ukutani, akaukunja taratibu, akaufunga fundo.

"Pumzika sasa, baba," akasema. Sauti ilikuwa ileile aliyomwambia nayo mama yake hospitalini, alipokuwa anamfunika shuka usoni.