Tingatinga Lililobaki Mutsamudu

Msufi wa uani kwa Bi Mariama uliinama wiki ya mvua kubwa, na kati ya pande zote za dunia ukachagua kuinamia nyumba. Mizizi ya nyuma iling'oka ikapasua ardhi kando ya jiko, na shina likabaki limening'inia juu ya chumba ambamo mwenye nyumba alilala kitandani, amepooza miguu tangu miezi sita nyuma.

Mtu wa kwingine angesema, mhamisheni. Kisiwani Ngazidja, huku Komoro, neno hilo halisemwi ovyo. Huko nyumba ni ya mwanamke. Hujengewa na ndugu zake, huolewa humo humo, na mume ndiye anayehamia na kisanduku chake cha nguo. Bi Mariama aliwaambia wanawe, "Mimi nitatoka humu kwa jeneza. Kabla ya hapo asiniguse mtu." Na neno lake ndani ya kuta zile lilikuwa la mwisho, hata kama mwana ana mvi.

Na mwana huyo, Toihir, alikuwa na kazi gani? Kukata miti. Kuanzia Ikoni hadi Itsandra, mti ukitishia paa la mtu, yeye ndiye aliyeitwa. Majirani walimwambia, "Mganga hajigangi, Toihir," wakacheka, naye akacheka nao, kisha akaenda nyuma ya ukuta akalia. Kila asubuhi dada yake, Thouraya, aliyeishi na mama yao, alitia mkono kwenye ufa wa ardhi. Mwanzoni viliingia vidole. Sasa mkono uliingia hadi kiwiko.

Ujuzi hakukosa, alikosa watu. Aliyekuwa akipanda ni mshirika wake, Saïndou, Mdzuani, mtu wa kisiwa jirani cha Ndzuani, mwenyeji wa Mirontsy, mtu mwembamba aliyetembea juu ya tawi kama wewe utembeavyo sebuleni kwako. Toihir, kwa goti lake bovu, alibaki chini ameshika kamba. Vijana wa kushusha magogo nao walikuwa Wadzuani. Saïndou alikaa miaka sita kwenye chumba cha uani kwa Bi Mariama, akila chungu kimoja nao.

Wawili hao walikuwa wamechanga wakanunua tingatinga dogo lililotumika, lenye kijiko mbele, la kubeba magogo na kushikilia kamba mahali pa wanaume sita. Kabla ya kulipa walipima vichochoro vya Moroni kwa kamba yenye fundo, wahakikishe litapita. Lilipita kwa upana wa kiganja, nao wakafurahi kama watoto siku ya Idi. Lakini meli iliyolileta ilikuwa kubwa mno kwa bandari ya Moroni, ikalishusha Mutsamudu, bandari ya Ndzuani, kama ilivyokuwa desturi, lije baadaye kwa chombo kidogo.

Halikuja. Ndzuani ilikuwa imejitenga na Komoro, mazungumzo yakavunjika, na mwezi wa Aprili vijana wa Moroni wakapita mtaa kwa mtaa wakiwafukuza Wadzuani. Saïndou akapakiwa kwenye boti pamoja na wenzake. Kisha vikaja vikwazo: mizigo isivuke, simu zisilie. Tingatinga likakaa ng'ambo mwaka mzima, na fimbo ya mbali haiui nyoka.

Mfa maji haachi kutapatapa. Toihir alimbembeleza nahodha mmoja wa magendo, mwenye chombo cha kubebea ng'ombe, mpaka nahodha akachoka kumsikia. Alifika Mutsamudu asubuhi, amelowa na ananuka samadi. Nyuma ya bandari, mahali mlima ulipomwaga matope barabarani, aliliona tingatinga lake likifanya kazi. Juu yake ameketi Saïndou.

Saïndou akazima mashine. Hakushuka.

"Umekonda," alisema. "Umekonda kuliko sisi tuliofungiwa mchele."

"Nimekuja kulichukua, ndugu yangu."

"Lichukue. Ningeliacha bandarini, wenye bunduki wangelifanya lao. Ndiyo maana nawazolea matope yao, nibaki na ufunguo."

Toihir akamweleza habari ya msufi. Saïndou alimsikiliza kama daktari. Akauliza ni mizizi ya upande gani, shina limepasuka au la, tawi kubwa limeelekea wapi. Kisha akafumba macho, ungejua kabisa kwamba anauona mti.

"Huo usiguswe chini. Uanze juu, vipande vidogo vidogo, kila kipande kifungwe kwa kamba kwenye tingatinga, kishuke taratibu. Ukikosea kipande kimoja, shina lote linalala chumbani."

"Sasa unaona kwa nini nakuhitaji."

Saïndou akaiwasha mashine. Aliliendesha tingatinga mpaka ufukweni Mirontsy, akalipandisha chomboni juu ya mbao mbili zilizolia kwa uzito, akalifunga kwa minyororo. Alipomkabidhi Toihir ufunguo, Toihir alipiga magoti ndani ya maji, mtu mzima, mbele ya wachuuzi wa samaki.

"Twende. Siku moja tu. Nitakurudisha mwenyewe."

"Inuka, watu wanatutazama." Saïndou alitazama pembeni. "Siku ile ya kufukuzwa nilikimbilia mlangoni kwenu. Niligonga. Niliisikia sauti yako ndani, Toihir. Nani alitia komeo?"

Toihir angeweza kudanganya. Hakuwa na nguvu ya kutunga uongo.

"Mama."

"Na wewe?"

"Nilikaa kitini."

"Nilivunjwa mbavu mbili kwenye kizingiti kile." Alisema bila kupaza sauti, na hilo ndilo lililomchoma Toihir zaidi. "Simwombei mama yako mabaya. Mashine nimekupa, ni yako pia. Lakini sijasamehe, na nikisema nimesamehe nitakuwa nakudanganya. Sisi wapandaji tunatakana radhi na mwenye mti kabla ya kukata. Mwenye kinyongo akipanda, mkono unatetemeka. Nitamwangushia mama yako mti, nami nisijue kama ni bahati mbaya."

Nahodha alikuwa anapiga kelele za kuondoka. Hawakuagana vizuri.

Njia nzima Toihir alikitazama kile chuma. Alikuwa amekwenda kutafuta chuma, na chuma amekipata, na alijiona mpumbavu. Wavuvi wa Itsandra walimsaidia kulishusha tingatinga. Lilipita kichochoro kwa upana ule ule wa kiganja mpaka uani, na msufi ulikuwa bado juu ya chumba, ufa umemeza mkono wa Thouraya hadi begani. Vijana wa mtaa aliowaomba wapande waliutazama mti, wakakumbuka wana shughuli mahali pengine.

Basi akajifunga kamba mwenyewe. Thouraya, ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli, alifundishwa mambo mawili tu: kusogeza tingatinga mbele ili gogo lishuke, na kulisimamisha. Walifanya mazoezi kwa gogo la mnazi mpaka akaweza kulisimamisha bila kuambiwa. Mama asijue kwamba Toihir ndiye anayepanda, walikubaliana. Angekataza, na akikataza imekwisha.

Toihir alipanda akivuta goti lake kama mzigo wa mtu mwingine. Alipofika kwenye tawi la kwanza jasho lilikuwa linamwingia machoni, na chini yake, wazi kabisa, aliliona dirisha la mama yake na ncha ya shuka.

"Thouraya," sauti ikatoka dirishani. "Nani yuko juu?"

Thouraya akamwangalia kaka yake. "Saïndou, mama. Amerudi."

Ncha ya shuka ikasogea.

"Mwambie ni mimi niliyetia komeo," Bi Mariama akasema, na sasa alikuwa analia. "Mwambie niliogopa. Aniwie radhi kabla hajakata. Saïndou, mwanangu, unanisikia? Sema umenisamehe."

Toihir alisikia kila neno. Akijibu, atatambuliwa sauti. Akitaka kusema ndiyo, msamaha haukuwa wake kutoa. Mwenye nao alikuwa ng'ambo, Mutsamudu, na alikuwa ameukataa.

"Anasemaje?" mama akauliza. "Thouraya, anasemaje?"

Mkono ukaanza kutetemeka. Toihir akavuta kamba ya msumeno wa injini mara mbili, mara ya tatu ukawaka, na uani hapakusikika tena sauti ya mtu.